Lile Yowe Katikati ya Wimbo

Kwanza niseme wazi: mimi nimeuchoka ule wimbo. Mtu akishajua kwamba jina langu ni Reino Hakala, na kwamba ndiye niliyepiga ngoma kwenye "Vumbi la Mwerezi", basi hana swali lingine duniani ila moja. "Lile yowe! Corwin alilitoa wapi lile yowe?" Daktari wa meno ameniuliza huku vidole vyake vimo kinywani mwangu. Polisi aliyenisimamisha barabarani ameniuliza. Siku tunamzika mama, mchungaji, mtu mzima na mvi zake, alinivuta pembeni ya kaburi akaniuliza. Mwaka wa thelathini na tatu huu naulizwa.

Na hapa mjini kwetu Hoquiam ndiyo usiseme. Ijumaa timu ya shule ikifunga, bendi yao inapiga kile kipande chetu cha polepole, uwanja mzima unanyamaza, halafu wote wanapiga yowe kwa pamoja, bibi na wajukuu, mvua ikiwanyeshea. Kila Septemba, kwenye sikukuu ya wakata magogo, kuna shindano la yowe, na mshindi hupewa shoka lililopakwa rangi ya dhahabu. Profesa mmoja ameandika kurasa mia mbili kwamba lile yowe ni kilio cha kizazi kizima. Kizazi gani, bwana? Mimi nilikuwa nacheka tu. Nilijua Corwin Tuttle, mwimbaji wetu, aliliongeza studio kule Seattle, mimi nikiwa hospitali, na nilikuwa na hasira naye kwa hilo na kwa mengine.

Hayo mengine ndiyo haya. Tulikuwa watatu: Corwin anaimba na gitaa, Duane besi, mimi ngoma. Baba yangu, Eino, alikuwa na kiwanda kidogo cha vigae vya mwerezi, vile vya mbao vya kuezekea paa, kando ya mto, na Jumapili, siku ambayo hakuna wafanyakazi, alituruhusu kurekodi ndani ya ghala. Ghala na kiwanda vilitenganishwa na ukuta mmoja wa mbao. Jumapili moja ya Novemba mwaka tisini tulikuwa upande wetu, yeye yuko upande wake peke yake anasafisha mashine. Mnyororo unaobeba mabaki ya mbao ulinasa glovu yake. Swichi iko mbali, mkono haufiki. Ule mnyororo hauna haraka, unavuta taratibu, na ukishashika hauachi. Tulipomaliza wimbo tukamkuta. Mkono wa kushoto umekwenda mpaka kiwiko.

Daktari wa zamu alitoka na aproni yake akamwambia mama, bila kuficha, "Mtu angeizima mashine mapema, sasa hivi tungezungumzia vidole tu." Mama akanigeukia. "Hamkusikia kitu, Reino? Hata kidogo?" Nikaapa. Niliapa kwa jina la Mungu, mbele ya mama yangu, kwamba hatukusikia kitu, kelele za gitaa zilikuwa nyingi mno. Na nilikuwa nasema kweli, au ndivyo nilivyojua.

Wiki ile ile, baba bado hajatoka wodini, Corwin akabeba tepu yetu akaenda nayo Seattle kwa fundi wa kuchanganya sauti. Hakungoja hata tuvute pumzi. Wimbo ukatoka, dunia ikapasuka, tukazunguka miaka mitatu, na katika miaka yote hiyo Corwin hakulipiga lile yowe hata mara moja jukwaani. Tukifika pale, anaiacha maikrofoni, anarudi nyuma, anaangalia viatu vyake, watu wanajipigia wenyewe. Waandishi wakimuuliza, anainuka anaondoka. Nikaona ni maringo. Mwaka tisini na nne aliiacha bendi bila kuaga, akahamia Spokane kutengeneza boti za watu. Nilimtukana kwenye redio, tena si mara moja. Alipokufa kwa ugonjwa wa ini, miaka tisa iliyopita, sikwenda kumzika. Nilisema nina paa la mtu nalimalizia.

Sasa mwaka huu kampuni ya rekodi ikasema inataka kuutoa upya, toleo la heshima, pamoja na maongezi ya studio, maana mashabiki siku hizi wanataka hata kusikia mnavyokohoa. Tepu ya asili ikapatikana. Ikatumwa kwa Lorna Beckwith wa Olympia, mama mmoja mwenye miwani miwili, mmoja machoni mwingine kichwani, ambaye kazi yake ni kufufua tepu za zamani. Zile za miaka yetu hunata. Ukizicheza hivihivi zinabanduka, muziki wote unabaki mashineni kama unga. Kwa hiyo Lorna anazioka. Ana kikaushio cha matunda, kile kile cha kukaushia tufaha, anaiweka tepu humo kwa muda wa saa nane, moto mdogo sana, halafu ina siku chache za kuchezeka.

Akanipigia simu Jumanne asubuhi. "Njoo, kaka. Tepu nimeinakili sasa hivi."

"Nitumie kwenye kompyuta."

"Nimesema njoo, Reino."

Nikaendesha saa nzima nikinung'unika. Nilipofika hakunipa hata kahawa, akaniketisha.

"Nani alikwambia Corwin aliliongeza yowe Seattle?" akauliza.

"Hakuna aliyeniambia. Najua."

"Unajua nini sasa? Angalia." Akanionyesha. Tepu yetu ilikuwa na njia nane, kila maikrofoni na njia yake. Akafungua njia ya sauti ya Corwin peke yake, tukasikiliza kile kipande cha polepole. Corwin anaimba, ananyamaza, anavuta pumzi. Pale yowe linapotakiwa kuwa, hakuna kitu. Mtu anapumua tu.

"Ala! Liko wapi?"

Lorna akaifunga ile njia, akafungua ya nane. Njia ya nane ilikuwa ya maikrofoni niliyoitundika mwenyewe nyuma yangu, juu kabisa, kwenye ule ukuta wa mbao, ili ichukue mvumo wa ngoma. Kwenye ukuta, jamani. Ukuta wa kiwanda.

Likaja. Bila gitaa, bila besi, bila kitu cha kulifunika. Nimelisikia lile yowe mara elfu ngapi sijui, madukani, kwenye lifti, kwenye simu za watu. Lakini likiwa peke yake, ndani yake mlikuwa na neno. Lilianza na neno la Kifini, neno moja chafu ambalo katika mji huu mzima alilitumia mtu mmoja tu. Nikasikia mtu anasema "hapana, hapana, hapana," kumbe ni mimi.

"Ni baba yangu," nikasema. "Lorna, huyo ni baba yangu. Ni mkono wake huo!"

"Nilidhani hivyo," akasema Lorna. Alikuwa ameshavua miwani yote. "Subiri. Haijaisha."

Kwenye rekodi mnayoijua nyinyi, yowe likiisha kuna kimya cha sekunde mbili, halafu kishindo, wote tunaingia. Kumbe kile kimya kilikatwa kwa wembe na kuungwa. Kwenye tepu ya asili kilikuwa kirefu. Muziki ulisimama kabisa. Duane aliachia besi. Ukutani, kwa mbali, mnyororo unasaga. Halafu sauti ya Corwin, changa, ya kijana wa miaka ishirini na moja.

"Wee! Mmesikia hiyo?"

Mnyororo ukaendelea kusaga, naye akaniita.

"Reino. Huyo si mzee wako? Twende tukaangalie."

Na sauti nyingine ikajibu. Sikuitambua mara moja, maana ilikuwa nyepesi, ya dharau, ya mtoto aliyedekezwa. "Aah, ni baba tu. Anaitukana mashine. Kila siku ndivyo alivyo."

"Hapana, bwana, hiyo siyo kutukana."

"Corwin, tepu inazunguka! Imebaki kidogo tu. Ukitoka sasa hatumalizi tena leo. Tunaingilia kwenye kishindo. Haya!"

Halafu vijiti vyangu, vikigonga. Moja, mbili, tatu, nne.

Mnajua, mimi nimekulia kwenye kile kiwanda. Baba yangu alizifokea zile mashine kutwa kucha, alizitukana kwa Kifini na kwa Kiingereza, alizipiga mateke. Mtoto wa kiwandani huacha kusikia. Nataka kusema hivyo, na ni kweli. Lakini ile sauti yangu kwenye tepu niliisikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilisikia kitu kidogo kabla ya "aah." Nilisita. Pumzi moja. Sasa kama ni kawaida ya kila siku, nilisita nini? Sijui. Naapa sijui, na siku hizi kiapo changu mimi mwenyewe sikiamini.

Wimbo ukaendelea mpaka mwisho, dakika nne kasoro. Mwishoni kuna ule mparaganyo wa gitaa kuanguka ambao wajuzi wanausifu sana. Niliukumbuka vizuri. Corwin alilitupa gitaa akakimbia nje kabla noti haijaisha, nami nikamfokea, "Unakwenda kuvuta sigara sasa hivi?" Ndiye aliyefika kwanza. Ndiye aliyezima mashine. Hilo pia nilikuwa nimelisahau, au nimeliweka mahali nisipopitapita.

"Na hii," Lorna akasema, akanipa boksi la tepu. Ndani ya kifuniko, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa Corwin uliolala upande: Fundi, toa yote kuanzia yowe mpaka vijiti. Usibakize kitu. Tafadhali.

Fundi alitoa maongezi na vijiti. Yowe alilipenda, akalibakiza.

Nikakaa pale nikilia, mtu wa miaka hamsini na nne, fundi paa mwenye magoti mabovu, nalia mbele ya kikaushio cha matunda. Lorna akaniacha. Baadaye akasema, "Kampuni haijasikia. Wanangoja niwapelekee Ijumaa. Nikikata kipande hiki hakuna atakayejua, tepu yenyewe haitacheza tena. Uamuzi ni wako. Lakini mzee yuko hai, siyo?"

"Ana miaka themanini na minne."

"Basi nenda."

Nikanakili kile kipande kwenye simu, nikarudi Hoquiam moja kwa moja, na njia nzima nilikuwa napanga uongo. Nitamwambia yowe ni lake. Hilo ni lazima, ni haki yake. Maneno yaliyofuata nitayameza. Atapata faida gani mzee wa watu?

Nilimkuta barazani amekaa, blanketi magotini, anamenya viazi kwa ule mkono mmoja, kiazi amekichomeka kwenye msumari alioupigilia ubaoni kwa kazi hiyo.

"Vua viatu," akasema. "Mama yako hayupo lakini sheria zake zipo."

"Baba, nina jambo. Lile yowe la kwenye wimbo. Siyo la Corwin."

Akaendelea kumenya. "Ulidhani sijui?"

Nikakaa chini, viatu mkononi.

"Mwaka tisini na moja," akasema, "niko dukani, pale kwenye samaki, redio inapiga. Nikajisikia. Mtu hulijua yowe lake, Reino, hasa kama amelipiga mara moja tu maishani. Nikakiacha kikapu palepale nikatoka. Mama yako akauliza samaki wako wapi, nikamwambia wameoza."

"Baba! Miaka thelathini! Watu wanashindana! Wanapeana shoka!"

"Naona."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Walikuwa wanakulipa, ulikuwa na furaha, ulikuwa unaonekana kwenye televisheni." Akakichomoa kiazi, akachomeka kingine. Kisha akakiweka kisu chini, na baba yangu haweki kisu chini kabla hajamaliza kazi. "Lakini kwa kuwa umelianzisha mwenyewe, nitakuuliza kitu kimoja. Mlinisikia. Usinikatalie. Nilipopiga yowe, muziki ulisimama. Nikasema, asante Mungu, wanakuja. Nikangoja. Vidole vilikuwa vimekwenda, lakini nikasema basi, vidole si kitu. Halafu nikasikia vijiti vyako. Vinne. Halafu mkaanza tena."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama maganda ya viazi.

"Mpiga ngoma ndiye anayehesabu, najua, nimewasikia mkifanya hivyo mwaka mzima," akasema. "Lakini mwenye bendi alikuwa yule kijana. Wewe ulikuwa unamfuata kila anakokwenda, hata nywele ulifuga kama zake. Nataka tu kujua, Corwin alikuambia nini? Alitumia maneno gani, mpaka mwanangu akaacha kuja?"

Mungu wangu. Uongo sikuhitaji hata kuutunga. Alikuwa ameutunga yeye mwenyewe, ameukalia miaka thelathini na tatu, na sasa ananikabidhi ukiwa mzima. Nilichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa. Corwin amekufa. Tepu ingekatwa Ijumaa. Naapa mdomo wangu ulishafunguka kusema, "Alisema tumalize."

Sikuuamini tena mdomo wangu. Nikatoa simu, nikaiweka juu ya ubao wa viazi, nikabonyeza.

Alisikiliza amefumba macho. Yowe lilipokuja hakutikisika. Corwin aliposema, "Twende tukaangalie," akafumbua macho. Halafu nikaja mimi. Ni baba tu. Halafu Corwin tena, hiyo siyo kutukana. Halafu mimi, na tepu yangu inayozunguka. Vijiti vilipogonga aliunyosha mkono wake akaifunika simu kwa kiganja, japokuwa sauti iliendelea kutoka chini yake mpaka nikaizima.

"Nisamehe, baba," nikasema. "Ni mimi. Ni mimi niliyesema. Nilimwapia mama uongo. Nisamehe."

Sidhani hata kama alinisikia. Rangi ilikuwa imemwisha usoni kabisa, mdomo unacheza. Nilidhani ni moyo, nikainuka nimshike, akanisukuma.

"Alikuja hapa," akasema.

"Nani?"

"Yule kijana. Alikuja hapa mara tatu. Mara ya kwanza nimetoka tu hospitali. Mara ya pili mmerudi kutoka safari zenu. Mara ya mwisho mwaka ule aliokufa, amekonda, macho ya njano, ametoka Spokane kwa basi. Alisimama pale kwenye ngazi, kwenye mvua. Sikumfungulia mlango wa wavu. Nilimwambia wewe ni mbwa. Nilimwambia, umeniacha kwenye mashine kwa ajili ya wimbo, halafu ukauuza mkono wangu. Nilimwambia ndugu zake wote watakufa vibaya." Sasa alikuwa analia, na mimi sijawahi kumwona baba yangu akilia, hata siku ya mkono. "Mara zote tatu nilimwita mbwa, Reino."

"Na yeye alisema nini?"

"Alivua kofia," baba akasema. "Akasema, 'Samahani sana, mzee.' Akauliza kama wewe hujambo. Basi. Akashuka ngazi."